Matembezi ya Hell's Gate: Maneno kwa Wanachama wa Tawi

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa tawi na mwanachama mmoja wa gengi la njia. Kamati imeomba yapigwe chapa ili wale waliokuwa zamu wayasome.)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya matembezi tunayokusudia kuyafanya pamoja na jamaa zetu katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mimi si mwalimu wala si mwongozi wa watalii. Mimi ni mtu wa gengi. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na iliyobaki nimeipata kwa mtaimbo na koleo. Lakini korongo lile nimelitembea mara tatu, na juu ya maji yatokayo milimani nina neno la kusema.

Kwanza yatupasa kujua mahali penyewe. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kiasi cha kilometa za mraba 68. Si kubwa, lakini ina jambo lisilopatikana katika mbuga nyingi: mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu yake mwenyewe, au kupanda baisikeli, akapita karibu na punda milia, twiga, swala na ngiri. Mfanya kazi asiye na motokaa hasumbuki. Baisikeli hukodishwa karibu na mlango uitwao Elsa, na kutoka hapo njia huingia katikati ya majabali mekundu marefu. Mkono mmoja utaona nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, yenye urefu wa kiasi cha meta 25, ambayo imepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Mbogo pia wamo, kwa hiyo watoto wasiachwe kukimbia vichakani.

Mwisho wa njia hiyo ndipo lilipo korongo la Ol Njorowa. Hapo mtu hushuka kwa mikono na miguu. Kuta za mwamba humzunguka, na mahali pengine ni pembamba hata wawili hawapiti sambamba. Maji ya moto hutiririka kutoka ukutani, na pengine huanguka kama maporomoko madogo. Usiyashike bila kuuliza, maana yaweza kukuunguza. Moto huo wa ardhini ndio unaotumiwa kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake, hatayasahau.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: ni nani aliyelichonga korongo lile? Si mtu. Ni maji. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa la Naivasha lilikuwa kubwa kuliko leo, likajaa hata likafurika upande wa kusini, na maji yakakata mwamba yakipita. Ziwa lilipopungua, mto ule ukakoma. Lakini njia ya maji haikuondoka. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mvua ikinyesha vilimani, maji huteremka kwa vijito vya pande zote, yakaingia katika korongo lile jembamba, na kina chake hupanda upesi sana. Aliye ndani huenda hajaona hata tone moja la mvua.

Hili si hadithi ya kuwatisha watoto. Tarehe 22 Aprili 1912 haikuwa; ilikuwa juzi tu, mwaka 2012, vijana wa kanisa walipokwenda kutembea huko, na maji yakawachukua saba. Tena tarehe 1 Septemba 2019 maji yalichukua watu saba, na mmoja wao alikuwa mwongozi. Angalieni miezi hiyo. Aprili ni mwezi wa masika, kila mtu anajua. Septemba je? Wengi wetu tungesema hakuna mvua. Basi kalenda peke yake haitoshi.

Na sisi wa reli tuna sababu zaidi ya kusikiliza. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Old Kijabe karibu na Mai Mahiu, maji yalizuiwa na takataka chini ya tuta la reli, yakajikusanya, kisha yakapasua na kuwashukia watu waliolala. Waliokufa walipita 40. Tuta la reli, ndugu zangu. Kitu tunachokitazama kila siku.

Nami nitawaambia lililonipata. Nilipokuwa mgeni katika gengi, tulikuwa tukipigilia mataruma karibu na mto mkavu. Jua lilikuwa kali. Saa ya chakula mimi na wenzangu wawili tukateremka tukakaa ndani ya kalvati, maana palikuwa na kivuli. Nyapara wetu, mzee wa maneno machache, akatuita tutoke. Tukacheka. Akaita mara ya pili kwa hasira, na mimi nikatoka kwa kumwogopa tu, si kwa kumwamini. Mwenzangu wa pili alinifuata. Wa tatu akabaki akifunga kamba za viatu. Tukasikia sauti kama treni ya mizigo, na hapakuwa na treni. Maji yalikuja mekundu yakiwa na magogo, yakamtupa mwenzetu upande wa pili wa tuta. Alipona, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na hakurudi tena katika gengi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: siku ile niliona methali ikitimia mbele ya macho yangu. Baadaye nilimwuliza nyapara alijuaje. Akanionyesha kilima cha mbali chenye wingu jeusi. Alikuwa akilitazama tangu asubuhi, na sisi tulikuwa tukitazama chakula.

Katika kamati wamekuwako wanaosema, kwa nini tulipe mwongozi na korongo lina njia moja tu? Fedha za tawi ni kidogo, afadhali zinunue soda na mkate. Nawaheshimu wenzangu hao, lakini nawajibu hivi. Mwongozi hatumlipi atuonyeshe pa kuingilia. Tunamlipa kwa sababu anajua pa kutokea: ni wapi mtu aweza kupanda ukuta akaokoka, na ni wapi hawezi. Wala simfanyi mwongozi kuwa hirizi. Nimekwisha kusema kwamba mwaka 2019 mwongozi naye alikufa. Maji yakishafika, ujuzi hufaa kidogo sana. Kwa hiyo jambo kubwa huamuliwa juu, kabla mguu wa kwanza haujashuka.

Sisi tunaijua desturi hii. Gengi likifanya kazi njiani, huwekwa mtu mwenye bendera. Hashiki koleo, na hakuna amwitaye mvivu. Kazi yake ni kutazama. Basi naleta mashauri manne mbele ya mkutano huu:

1. Tawi lilipie waongozi waliokubaliwa na wenye mbuga, na tushuke kwa makundi madogo, si umati wa watu wote pamoja.

2. Mwanachama mmoja awe mtu wa bendera. Abaki juu karibu na askari wa mbuga, atazame vilima, na aulize habari za mvua. Akikataa, hakuna kundi litakaloshuka, hata Mwenyekiti akiwa ndani yake.

3. Askari wakisema korongo limefungwa, tusibishane nao wala tusitafute njia ya pembeni. Tutembee juu, majabali na wanyama vyatosha kwa siku moja.

4. Watoto wadogo na wazee wasiojiweza wasishuke. Wawekewe chakula na watu wa kukaa nao, ili wasijione wametupwa.

Najua wako watakaosema nimeharibu furaha. Sivyo. Mimi ndimi niliyeomba tuende. Mfanya kazi ana haki ya kupumzika, na nchi hii si ya wageni wenye kamera peke yao. Nataka mwanangu aone mwamba uliochongwa na maji, anione mimi baba yake nikitembea bila mtaimbo begani. Lakini kila jina lililoandikwa katika orodha ya safari nataka liitwe tena jioni, na kila mmoja aitike.

Mwenyekiti, naomba mashauri haya yapigiwe kura usiku huu, tusiyaache mpaka siku ya safari. Na ikiwa hakuna anayetaka kazi ya bendera, andikeni jina langu. Korongo nimekwisha kuliona.

Umoja ni nguvu.