MTINI NDANI YA DEBE: TINI KABLA YA MASIKA
(Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Kilimani, baada ya Swala ya Alasiri)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Vijana wenzangu, na nyinyi mama zetu na baba zetu, sote twaijua Suratut-Tin, sura ya 95, aya 8 tu. Watoto wa madrasa huihifadhi mapema. Lakini hebu tuulizane, ni wangapi kati yetu wamewahi kuonja tini mbichi? Tunaijua ile kavu ya paketi kutoka Uturuki, tena ghali. Tunda ambalo Mola wetu ameliapia, na mti wake hatuujui!

Usiuchanganye na mugumo. Mugumo ni jamaa yake, kama ule mkubwa wa Waiyaki Way pale Westlands, ulionusurika kukatwa mwaka 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta wakati wa ujenzi wa Expressway. Mtini wa kula ni mdogo, majani yake yamepasuka kama vidole vya kiganja, na hukubali kuishi ndani ya debe. Hili la debe ndilo letu sisi, kwa sababu nyumba za bustani Kilimani zinabomolewa moja baada ya nyingine, tumebaki na roshani na paa la ghorofa.

Sasa, usinunue mche kwa kuambiwa tu "huu ni mtini". Uliza jina. Ziko aina kama Smyrna ambazo hazizai mpaka nyigu maalumu alete chavua. Wakulima wa California waliipanda, matunda yakawa yanapukutika machanga, mpaka mwaka 1899 walipofanikiwa kumleta nyigu huyo. Wewe tafuta Brown Turkey, Black Mission au Kadota. Hizi hujizalia zenyewe bila nyigu. (Na wale wanaotumiana kwenye WhatsApp kwamba kila tini ina mdudu ndani, basi jibu ndilo hilo.)

Ukiweza panda aina mbili au tatu, kwa kuwa haziivi siku moja. Na ujue mtini una mazao mawili. La mapema hutoka kwenye tawi la mwaka uliopita, la pili kwenye chipukizi jipya. Anayekata matawi yote amejinyima lile la mapema. Kata nusu, acha nusu.

Kwa nini tunataka ya mapema? Mvua, ndugu yangu. Tini ikinyeshewa inapoiva hupasuka na kuchacha. Nairobi kiangazi chetu kizuri ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi. Tunda huchukua miezi mitatu hivi, pengine minne, tangu kuchomoza hadi kuiva. Basi pogoa Agosti au Septemba, baridi ikiondoka, chipukizi lipate muda.

Na tazameni kalenda. Ramadhan hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliingia mwanzo wa Machi. Mwaka 2028 inatarajiwa mwisho wa Januari, na mwaka 2030 huenda tukafunga mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Desemba, inshaallah mwezi ukiandama. Kwa hiyo miaka hii iliyo mbele, futari yetu inaangukia kwenye msimu wa tini. Kijiti kikipandwa leo, mwaka wa pili au wa tatu chaweza kuzaa. Nafasi hii ikitupita, tutangoja zaidi ya miaka 30 irudi.

Debe liwe la lita 40 hivi, lenye matundu chini. Udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza. Usizidishe samadi, utavuna majani matupu. Jua liwe la nusu siku au zaidi. Maji ya mgao hayatoshi? Kinga maji ya udhu kwenye beseni. Aliye na ardhi asipande karibu na bomba la maji taka wala ukuta, mizizi yake haina adabu. Utomvu mweupe huwasha ngozi, hasa juani, basi vaa glavu na watoto wakae mbali.

Tini haiivi baada ya kuchumwa. Ngoja shingo ilegee na tunda liiname. Ndege nao watakuwa wanangoja. Funika matunda kwa vipande vya chandarua, lakini machache waachie, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka yako.

Vijiti mtakavyokata Agosti msivitupe. Urefu wa shubiri moja, vifungeni kwa gazeti lenye unyevu, mje navyo msikitini siku ya Ijumaa, jirani wa ghorofa ya chini naye apate.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.