HAKI YA PAKA ASIYE NA MWENYEWE

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, na akachukua Mwenyewe jukumu la kukiruzuku. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Mcheni katika haki za watu, na mcheni vile vile katika haki za viumbe wasio na ulimi wa kushitaki.

Ndugu Waislamu mliomo msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, khutba yetu ya leo inahusu kiumbe ambaye wengi wetu humpita kila siku bila ya kumtazama. Naye ni paka asiye na mwenyewe: paka shume anayelala juu ya paa la kibanda sokoni, paka jike anayezaa nyuma ya jiko la shule, na vitoto vya paka vinavyolia ndani ya magunia matupu ya alizeti. Hapa Kinampanda tunao, kama walivyo katika kila mji wenye soko, shule na chuo. Penye jiko kubwa pana mabaki, na penye mabaki hawakosi panya wala paka.

Huenda mtu akauliza: Je, mimbari ya Ijumaa ni mahali pa kuzungumzia paka, hali watu wana shida zao? Jawabu ni kwamba Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie) alizungumza habari za paka, na katika mazungumzo hayo akautaja Moto. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Umar, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hata akafa. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachilia ajitafutie vijidudu vya ardhini.

Izingatieni habari hii, ndugu zangu. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kutompenda paka. Mapenzi ni jambo la moyo, na mtu halazimishwi kumpakata paka wala kumlaza kitandani mwake. Alikuwa na milango miwili mbele yake: ama amlishe, ama amwache huru ajilishe. Milango yote miwili aliifunga. Hiyo ndiyo dhulma iliyomwangamiza, na hicho ndicho kipimo ambacho kila mmoja wetu anapaswa kujipima nacho.

Basi na tujipime. Paka wa nyumba moja amezaa vitoto vinne. Mwenye nyumba hataki ghasia, huvitia vitoto katika gunia na kumtuma mtoto wake akavitupe porini. Kitoto cha paka hufumbua macho baada ya siku saba hata kumi na nne, na huhitaji ziwa la mama yake kwa muda wa wiki nane hivi. Kukitupa porini kabla ya hapo ni kuifunga milango yote miwili, kwa kuwa hakilishwi wala hakina uwezo wa kujilisha. Aliyefunga kwa komeo na aliyefunga kwa gunia wana tofauti gani? Na yule mtoto aliyetumwa, amefundishwa nini siku ile na mzazi wake? Mtume wetu aliwaamuru masahaba waliochukua makinda ya ndege wayarudishe, alipomwona mama yao anahangaika. Ikiwa hilo ni agizo lake juu ya ndege wa porini, je, paka aliyezalia uwani mwako?

Wako wengine wanaomchukia paka kwa rangi yake. Akionekana paka mweusi usiku, husemwa kuwa ni mchawi au ni mjumbe wa mchawi, naye hupigwa mawe. Huu ni ushirikina, na Muislamu hana haja nao. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Mola wetu anatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Rangi ya paka ameichagua Yule aliyeichagua rangi yako.

Na wako wasemao: "Paka huyu hana mwenyewe." Neno hili husemwa ili kutafuta ruhusa ya kumfanya tupendavyo. Nasi tunajibu: Anaye Mwenyewe. Mwenyewe ni Yule aliyesema katika Suratu Hud, aya ya 6, kwamba riziki ya kila kitambaacho i juu Yake. Mali ya jirani yako unaiogopa kwa sababu jirani atakuja kukudai. Je, huogopi kudaiwa na Mwenye kumiliki siku ya malipo?

Sasa tuutazame upande wa pili, maana haki haitimii mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Mkoa wetu wa Singida unasifika kwa kuku wa kienyeji, wanaosafirishwa mpaka Dar es Salaam. Kwa mama mjane, kuku watano ni daftari la mtoto, ni chumvi na ni sabuni. Paka shume akiingia usiku akabeba vifaranga, yule mama amepata hasara ya kweli, wala hatumwambii asubiri tu.

Maulamaa wetu hawakulisahau jambo hili. Imam Nawawi, katika kitabu cha Minhaji kinachosomwa vyuoni mwetu, ameeleza kwamba paka akijulikana kuwa ana tabia ya kula ndege au chakula cha watu, mwenye kumfuga hubeba dhamana ya alichokiharibu, usiku na mchana. Mwenye paka mharibifu basi asiseme, "Ni mnyama tu." Na paka huyo akishambulia, mwenye kuku ana ruhusa ya kumzuia, aanze kwa njia iliyo nyepesi; lakini hana ruhusa ya kumwendea akiwa ametulia akamwua. Tazameni uadilifu wa sheria hii: imemlinda mama mjane na imemlinda paka. Na katika njia nyepesi, iliyo bora ni kinga. Banda la kuku lifungwe magharibi, na vifaranga walazwe katika tenga lenye kifuniko. Kinga hiyo itawasaidia pia na kicheche, ambaye hana mtu wa kumlipia dhamana.

Na tusisahau kwamba shamba na ghala vina adui mwingine. Panya shamba huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na huila mbegu ardhini kabla haijachipua, kisha huufuata mtama na mahindi ndani ya vihenge. Paka ni mwenzetu katika vita hivyo, ingawa hatoshi peke yake. Wataalamu waliochunguza vijiji vya Eswatini, na wakatangaza matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba panya walipunguza kutafuta chakula katika nyumba zenye paka na mbwa pamoja. Kwenye paka peke yake au mbwa peke yake hawakuona tofauti hiyo. Basi tuzibe matundu ya ghala na kufagia nafaka iliyomwagika, tusimtwishe paka kazi iliyo yetu. Na anayetega sumu ajue kwamba sumu haichagui. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Hapo utakuwa umewasaidia panya, kwa kumwua adui yao.

Nayasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Enyi Waislamu, tumekwisha kujua lililokatazwa. Tujue sasa lipasalo kutendwa, maana elimu isiyotendewa kazi ni mti usiozaa.

La kwanza ni maji na chakula. Katika miezi ya kiangazi, madimbwi ya uwanda huu wa Iramba yanapokauka, kigae cha maji kivulini ni sadaka. Mtume wetu ametueleza habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na akatufundisha kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira. Kichwa cha samaki, dagaa waliobaki, au ugali uliochanganywa na mchuzi, vyote vyamfaa paka kuliko kutupwa jalalani. Lakini usimlishie paka mlangoni pa jirani yako, wala usimwage chakula kikaoza. Mpe kwa kiasi, wakati mmoja kila siku, mahali pamoja, kisha uondoe kilichobaki. Sadaka yako isiwe udhia kwa mwenzako.

La pili ni usafi. Kabsha binti Kaab bin Malik alimtengea maji ya udhu mkwewe, Abu Qatada. Akaja paka kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akastaajabu, na Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume alisema kuwa paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Maji aliyoyagusa paka basi ni tohara. Hata hivyo kinyesi chake na mkojo wake ni najisi, na kinyesi huweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mimba. Mama mjamzito asikiondoe kwa mkono wake, mboga zioshwe vizuri, na watoto wanawe mikono watokapo kucheza mchangani.

La tatu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa zaidi na mbwa, lakini paka naye huupata na kuueneza. Mtu akiumwa au akiparurwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali au kituo cha afya bila ya kungoja dalili. Dalili zikitokea, ugonjwa huu ni nadra sana mtu kuupona. Mwenye paka ampeleke kuchanjwa kwa afisa mifugo, yule tuliyezoea kumwita bwana mifugo.

La nne ni wingi wao. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba mimba kwa siku 63 hata 65, na huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hivyo wengine huuliza: Je, yafaa kuwahasi? Hapa maulamaa wamehitilafiana. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Maulamaa wa Hanafi wameruhusu penye manufaa au penye kuondoa madhara, na baadhi ya maulamaa wa zama hizi wamefuata njia hiyo kwa paka waliozidi, kwa sharti kwamba asiteswe. Hatumlaumu mwenye kuifuata kauli ya kwanza, madhali anavilea vitoto au kuvitafutia walezi. Lakini anayechagua baina ya kuhasi na gunia ajue kwamba gunia halina khitilafu: ni haramu kwa wote. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara mawili yakikutana, huchukuliwa lililo jepesi. Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo, kwa dawa ya ganzi au ya usingizi, isifanywe kwa kisu cha mtaani. Hata nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama.

Ndugu zangu, waliotutangulia walilichukulia jambo hili kuwa ni katika mambo ya dini. Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa jina la Abu Huraira, nalo ni lakabu aliyoipata kwa kijipaka alichokuwa nacho alipokuwa akichunga mbuzi. Na katika mji wa Kairo yasimuliwa kwamba Sultani Dhahir Baybars, aliyetawala tangu mwaka 1260 hata 1277, aliweka wakfu bustani ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Edward Lane, Mwingereza aliyekaa Misri katika karne ya 19, aliandika kwamba zama zake kila alasiri paka walikuwa wakiletewa chakula katika uwanja wa nyumba ya Kadhi. Sultani aliacha bustani. Wewe hukutakiwa kuacha bustani. Umetakiwa kigae cha maji, na mkono usioshika gunia.

Enyi wazazi, watoto wenu wanakutazameni. Mtoto aliyezoezwa kumhurumia asiyeweza kumlipa, ndiye atakayekuhurumieni nanyi siku mtakapokuwa hamna cha kumlipa. Nanyi wanafunzi na wanachuo, mnaokula pamoja katika mabwalo, msilifanye jiwe kuwa mchezo wenu. Atendaye chembe ya wema ataiona, na atendaye chembe ya uovu ataiona.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa miongoni mwa wenye kurehemu ili nasi turehemiwe. Tuteremshie mvua yenye manufaa, utubarikie mashamba yetu, mifugo yetu na vihenge vyetu. Waponye wagonjwa wetu, uwarehemu wazee wetu waliotangulia, na uwaongoze watoto wetu. Utuepushe na dhulma, iliyo kubwa na ile tunayoiona kuwa ndogo. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa Sala.