Shangazi Mnayemficha



Leo narudi palepale, kwenye ugonjwa mnaouficha, na sichoki. Kijana kaletwa hospitali. Wiki nzima hajalala, anaongea bila kituo, mtaji wa viazi kaumalizia kuwanunulia marafiki simu. Daktari anamuuliza mama: kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua hivi? "Hakuna, daktari." Hakuna! Na yule shangazi wa Tukuyu aliyekesha akiimba na kugawa ng'ombe wasio wake, kisha akajifungia ndani miezi miwili bila kuoga, ni wa jirani?

Huu ni ugonjwa wa baipola: akili inapanda, halafu inaporomoka. Na unafuata damu. Kati ya watu 100, huupata mmoja au wawili hivi. Kati ya 100 wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua, ni 5 hadi 10. Kwa hiyo 90 na zaidi hawaupati. Mnasikia, ninyi wa Iringa mnaovunja uchumba kwa "ukoo wa vichaa"? Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua mwenzake anaweza kubaki mzima. Vinasaba vinavyohusika ni vingi, kila kimoja kinachangia kidogo. Juu yake yaje makesha, misiba, bangi.

Mbona namng'ang'ania shangazi? Kwa sababu baipola mara nyingi huanza na sonona. Binti analia, hali, hatoki kitandani. Daktari asiyeambiwa habari za shangazi anaandika dawa ya sonona peke yake, na dawa hiyo yaweza kumpandisha. Nimeyaona hayo: saa nane usiku binti anahutubia Mwanjelwa, nyumbani wanasema karogwa, na mganga anamwachisha vidonge vyote. Wengine mnamfunga mtu kamba hadi hospitali ya Mirembe, Dodoma, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mmeipita hapo hapo!

Na mabinti mnaomeza valproiti, dawa ya kutuliza baipola, msipange mimba kabla ya kuongea na daktari. Inadhuru mtoto tumboni.

Mama, ukiulizwa, taja. Nani, alianza na umri gani, alitumia dawa gani. Dawa ya lithiamu, kwa mfano, ikimfaa mmoja, uwezekano wa kumfaa ndugu yake wa damu unaongezeka. Kama shangazi alitulia kwa kidonge fulani, daktari anakitaka kwa jina. Kopo lake la zamani kama lipo, njoo nalo.