KUSOMA BIBLIA NZIMA
(Neno la Mzee wa Kanisa katika Ibada ya Shukrani ya Jubilei ya Miaka 100)



Nililelewa kwa mistari michache niliyoikariri katika mafundisho ya Kipaimara, nikadhani hiyo ndiyo Biblia. Niliamini pia kwamba kila msiba ni adhabu ya dhambi. Mtoto wetu alipofariki, imani hiyo ilinigeukia. Nikamtafuta mkosaji nyumbani mwangu, nikamlaumu mke wangu.

Ndipo nilipoazimia kusoma yote: vitabu 66, sura 1,189. Sura tatu kila siku, na tano kila Jumapili, hutosha kuimaliza kwa mwaka mmoja. Katika Kumbukumbu la Torati nilikuta laana za wasiotii, nikaogopa. Lakini sikuishia hapo. Katika Ayubu niliwakuta rafiki zake watatu wakisema kama mimi, na Mungu akawakasirikia. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana akaikataa hesabu hiyo. Nilikifunga Kitabu, nikaenda kumwomba mke wangu msamaha.

Wapendwa, mwaka 1937 ilichapishwa Biblia nzima katika Kiswahili iliyotafsiriwa na mmisionari Karl Roehl, na mwaka 1952 ile ya Union Version ambayo wengi wetu tunaisoma hadi leo. Waliotutangulia walitaabika kutupatia Neno zima. Tusiwarithishe watoto wetu vipande.