Safari Haiishi Iten

Neno letu la leo limo katika Waraka wa Pili wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 8. Mkiwa na Biblia karibu, ifungueni.

Hapa Eldoret habari za mbio si ngeni kwetu. Alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, vijana wetu wako barabarani. Lakini leo tunataka kusema juu ya mwendo wa namna nyingine, ule wa kuwachangia watoto wagonjwa.

Katika uwanja wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo, imesimama hospitali ya umma ya watoto iitwayo Shoe4Africa. Ilifunguliwa mwaka 2015. Aliyeianzisha kazi hiyo, Toby Tanser, ni mkimbiaji aliyekuja Kenya kufanya mazoezi pamoja na wakimbiaji wetu. Alianza kwa kugawa viatu, na kutoka kwenye viatu akafika kwenye kuta na vitanda. Baadhi ya fedha zilitafutwa kwa miguu. Mwaka 2009 Anthony Edwards, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwa kuigiza daktari katika televisheni, alikimbia marathoni ya New York, kilometa 42, ili watu waichangie hospitali hiyo.

Tuliposikia hayo, sisi katika kikundi chetu cha kanisa tulisema, "Ikiwa watu wa mbali wamekimbia kwa ajili ya watoto wetu, sisi wazazi tutakaa tu?" Tukaamua kutembea kutoka Eldoret mpaka Iten, kama kilometa 35. Tukazunguka na kadi za ahadi. Huyu akaandika shilingi 10 kwa kila kilometa, yule 50. Mzee mmoja wa kanisa akatuuliza, "Kwa nini msitoe hizo fedha mkabaki nyumbani? Mtoto atapona kwa vumbi la miguu yenu?" Tulinung'unika moyoni, tukamwona ana moyo mgumu.

Siku ikafika. Tulivaa fulana mpya, tukaomba, tukaondoka tukiimba. Kufika saa sita nyimbo zilikuwa zimekwisha, na wengine wetu walikuwa wamebeba viatu mkononi. Jioni tuliingia Iten tukichechemea, tukijiona mashujaa.

Hapo stendi tukamkuta mama amekaa chini, mtoto mgongoni, akingojea matatu ya kwenda Eldoret. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka bonde la Kerio. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida. Mama alituangalia, akauliza kwa upole, "Ninyi mmetembea kwa nini, na magari yapo?"

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu la haraka. Sisi tulitembea kwa kupenda, tukapigiwa makofi. Yeye alitembea kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na hakuna aliyemwahidi hata shilingi moja kwa kilometa.

Nauli yake ilikuwa haitoshi. Mmoja wetu akasema, "Tumpe kutoka kwenye mchango." Mweka hazina wetu akakataa. Akasema, "Fedha hizi zimekwisha kutajiwa kazi yake. Lakini mifuko yetu haijatajiwa kazi." Basi kila mtu akaingiza mkono mfukoni mwake, na mama akapanda gari.

Juma lililofuata tulikaa kuhesabu. Hapo ndipo aibu ilipotupata. Fulana, chakula na gari la kuturudisha vilikuwa vimekula theluthi ya fedha zilizopatikana. Tena, wengi walioahidi walikuwa hawajatoa, na baadhi yao walikuwa ni sisi wenyewe. Ndipo tulipoelewa swali la yule mzee.

Sasa tazameni mlango wetu wa 8. Paulo alikuwa anakusanya mchango kwa ajili ya maskini walioko Yerusalemu. Wakorintho walikuwa wepesi wa kuahidi, na mwaka mzima ulikuwa umepita. Paulo hawakemei kwa ukali. Anawaambia, katika mstari wa 11, kwamba utayari wa kuanza hauna budi kufuatwa na kumaliza, kila mtu kwa kadiri ya alicho nacho. Kisha, katika mstari wa 20 na wa 21, anaeleza kwamba anawatuma ndugu waaminifu pamoja na mchango huo, ili lisiwepo la kulaumiwa, si mbele za Bwana tu bali na mbele za watu.

Tulifanya nini? Kila mmoja alilipia fulana yake na chakula chake. Tukapita tena nyumba kwa nyumba na zile kadi, bila nyimbo safari hii. Na siku ya kupeleka fedha tulimwomba yule mzee atuongoze. Alikubali, na risiti akaisoma mwenyewe kanisani Jumapili.

Je, matembezi yalikuwa kazi bure? La. Kama tungekaa nyumbani, tusingekutana na yule mama, na shilingi zetu zisingekuwa na uso. Miguu ilitufundisha kilometa moja ina uzito gani kwa mtu aliyembeba mtoto mgonjwa. Lakini miguu haimtibu mtoto. Anayeanza safari ya namna hii na ajue kwamba haiishi Iten, wala kileleni Kilimanjaro. Inaishia pale ahadi inapofika kitandani kwa mtoto.

Ndugu msikilizaji, labda ndani ya Biblia yako iko kadi ya ahadi uliyoisahau. Itoe leo. Kama huna fedha, huenda unayo damu ya kutoa, au saa moja ya kukaa na mama aliyelazwa na mwanawe mbali na kwao.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe ahadi tulizoziacha njiani. Uwaangalie watoto walioko wodini asubuhi hii, na wale ambao bado wako mgongoni mwa mama zao, njiani. Utupe moyo wa kumaliza tulichoanza. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.