Kabla ya Kuihukumu Mashine
Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C (Luka 13:1–9)



Injili ya Dominika hii inatuwekea mbele ya macho mtini usiozaa. Mwenye shamba ameusubiri miaka mitatu, naye anaamuru ukatwe. Mtunza shamba hakatai kwamba mti hauzai. Anaomba mwaka mmoja tu, apate kuuchimbia na kuutilia mbolea. Sisi wa Umatengo, tunaoishi kwa kahawa, twamwelewa upesi. Leo tuitazame hekima yake katika chombo kingine cha vijijini mwetu: stata ya lori au trekta kuukuu.

Zamani injini iliwashwa kwa hendeli, nayo iliporudi nyuma kwa ghafula iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Stata ni mota ndogo: hupokea umeme wa betri, jino lake hushikana na gurudumu kubwa la injini, huizungusha hata iwake, kisha hujitoa.

Mbinga ni nchi ya milima. Stata ikigoma, dereva huliegesha lori mteremkoni, na asubuhi huliachia lishuke mpaka liwake. Miezi hupita, naye husahau kwamba lori lake ni gonjwa. Siku moja huteremka kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay, huzima injini mahali tambarare kando ya Ziwa Nyasa, na hapo ubovu hujulikana. Watu wanasukuma mchangani, na hukumu zinaanza: stata imekufa, nunua nyingine, lori limekwisha, liuzwe chuma chakavu.

Fundi mwenye busara hafungui hata nati moja kabla ya kusikiliza. Huiweka gia huru, maana trekta nyingi zina swichi ya usalama inayoizuia stata gia ikiwa imeingia. Kisha huwasha taa kubwa, na mwenzake huzungusha ufunguo. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au nyaya zake hazikukazwa. Taa zikiendelea kung'aa na pasisikike kitu, umeme haufiki kwenye stata. Atafute katika swichi na nyaya. Ikisikika ta-ta-ta ya haraka, mara nyingi ni betri dhaifu au uchafu. Stata ikivuma bila kuizungusha injini, jino halishikani na gurudumu. Akiwa na kipimo, betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takribani 12.6, ikishuka chini ya 10 wakati wa kuwasha, aanze na betri hiyo pamoja na nyaya zake.

Mara nyingi hukuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, au waya wa ethi umefungwa juu ya kutu. Basi huutoa kwanza waya wa hasi, husafisha kwa maji ya moto yenye magadi, hukwangua chuma hata king'ae, hukausha, hufunga na kukaza. Stata ikigoma bado, ndipo huishusha na kuifungua. Hata hapo, yaweza kuwa ni kaboni zilizolika tu, na hizo hubadilishwa bila kuitupa stata nzima. Fundi anayemwuzia mjane stata mpya, hali akijua kwamba waya ulikuwa mchafu, amevunja amri ya saba.

Ndugu wapendwa, ni mara ngapi tumesema juu ya mtu, "Huyu amekwisha"? Kijana haonekani tena kanisani; katekista amepoa; mume hunywa na kunyamaza. Jumuiya inatoa hukumu, wala hakuna aliyemwendea kumsikiliza. Pengine kosa halimo ndani yake, bali limo katika kiungo kati yake na sisi: neno la dharau lililosemwa kikaoni, deni lisilosamehewa, ugonjwa ambao hakuna aliyeuliza habari zake. Nguvu ipo, lakini haifiki. Kutu ya namna hiyo haiondolewi kwa kununua mtu mwingine.

Tusijidanganye pia. Kuna stata zilizokufa kweli, na mtunza shamba naye aliukubali mwisho wa mwaka. Huruma si kufumba macho. Kusukuma kila asubuhi bila kutafuta ugonjwa si uvumilivu. Ni kuuahirisha ukweli. Ziko ndoa zinazowaka kwa kusukumwa na jamaa, na jumuiya zinazowaka kwa mteremko wa mazoea. Kwaresima ndiyo mahali petu tambarare. Hapa mteremko umeondolewa, ili tujue kama ndani mna moto.

Basi juma hili kila mmoja wetu amchague mtu mmoja aliyekwisha kumhukumu moyoni. Amwendee, akae naye, amsikilize kabla ya kusema. Akikuta kutu upande wake mwenyewe, aanze kuikwangua hapo. Naye Mungu, ambaye hajachoka kutuchimbia na kututilia mbolea, atujalie mwaka huu uwe mwaka wa matunda.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.