Kukaa Peke Yako Si Kosa

(Hotuba ya mhitimu mmoja mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza leo, jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Niliolala nao bweni moja hawatashangaa. Jumamosi jioni, wenzangu walipokusanyika kupiga soga, mimi nilichukua kitabu nikaenda chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko. Sikuwa na ugomvi na mtu. Ila katikati ya kundi nilijiona kama mgeni asiyejua desturi za nyumba. Nilipopata la kusema, mazungumzo yalikwisha kuhama. Wengine waliniita mwenye maringo. Chuo Kikuu hali ikawa ile ile, na kazini vile vile.

Kwa miaka mingi nilidhani nina kasoro. Baadaye nikasoma kwamba Carl Jung, daktari wa Uswisi, alieleza mwaka 1921 aina mbili za watu: wanaoelekea nje, kwa watu na mambo, na wanaoelekea ndani, kwenye fikra zao. Hakuiita hata moja maradhi. Nikamkumbuka pia Shaaban Robert (1909–1962). Alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, akafanya kazi miaka mingi katika Idara ya Forodha, na bado akatuachia mashairi na hadithi tunazozisoma hadi leo. Maandishi kama yale hayatungwi katikati ya soga.

Lakini vijana, sitaki kuwadanganya. Mwenzangu mmoja wa darasa alifiwa na mama yake. Niliogopa umati wa msibani, nikatuma rambirambi kwa mkono wa mtu, nikabaki nyumbani. Tulipoonana miezi kadhaa baadaye, aliniambia kwa upole, "Fedha zilifika, ndugu yangu. Wewe hukufika."

Neno hilo halijanitoka. Tangu siku ile nimejiwekea kanuni: sherehe naweza kuomba radhi, lakini msiba na ugonjwa nakwenda. Nami nimejifunza kwamba msibani hakuna anayekudai maneno mengi. Ukikaa mkekani na wenzako, umefanya kazi yako.

Basi ninyi mnaopenda makundi, mkimwona mwenzenu kajitenga, msimpachike jina. Mkaribisheni, akikataa, mkaribisheni tena siku nyingine. Nawe unayependa kukaa peke yako, kaa, soma, ufikiri. Ila mwenzako akipatwa na shida, nenda ukapige hodi.

Yule mwenzangu yuko hapa leo, safu ya tatu. Ndiye aliyenifanya nikubali kusimama mbele yenu. Baada ya chakula mkinikosa, msinitafute mbali. Mwembe bado upo, naye anapajua.